Kwa nini tela la boti hutikisa mkia barabarani?

Pemba ukimwangalia mwenye gari la ng'ombe anapopakia nazi au mchanga, utaona hapakii ovyo. Mzigo ukizidi nyuma ya magurudumu, mti wa gari unanyanyuka na kamba inamkaba ng'ombe koo. Ukizidi mbele, nira inamwelemea shingoni, hatembei. Kwa hiyo uzito mkubwa anauweka juu ya ekseli, yaani chuma kinachounganisha magurudumu, kisha anausogeza mbele kidogo, mpaka nira ilale kwa uzito wa kiasi. Ng'ombe ndiye mizani yake.

Tela la boti linalovutwa na pikapu kutoka Nungwi hadi mjini lina hesabu hiyohiyo, ila pikapu halilalamiki. Linakwenda kimya mpaka mwendo uchanganye. Upepo wa ubavuni au shimo likalisukuma tela kidogo, mkia ukaanza kwenda kulia na kushoto, kila mara kwa nguvu zaidi, hadi gari lenyewe likabururwa.

Fikiria mshale. Unakwenda sawa kwa sababu uzito uko kwenye chembe, ile ncha yake, na manyoya yako nyuma. Katika tela, matairi ndiyo manyoya. Uzito ukiwa mbele ya ekseli, kila tela likienda upande matairi hulirudisha mstarini. Ukiwa nyuma, uzito huo huzidi kulitupa nje, na juu ya hayo hunyanyua mgongo wa pikapu, matairi yake ya nyuma yakapungua kushika lami.

Marekani hupendekezwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela na mzigo wake ulale pale lilipofungwa kwenye gari. Uingereza, kwa zile nyumba za matela ambazo watu huvuta wakienda likizo, ni 5 hadi 7. Mimi kwa boti ningeshika 10: tela la kilo 800 lilalie gari kwa kilo 80, ikiwa gari lenyewe limeruhusiwa kubeba hizo. Kupima ni rahisi. Weka mizani ya magunia chini ya shingo ya tela, tela likiwa limelala sawa kama litakavyokuwa safarini.

Boti ina mtego wake: mashine inaning'inia tezi, yaani nyuma ya boti, na madumu ya petroli huwekwa karibu nayo. Ikiwa ekseli iko mita 3 nyuma ya kiungo cha tela na gari, dumu la kilo 30 ukilisogeza mita 2 mbele unaongeza kilo 20 pale kwenye kiungo. Lakini usilipeleke hadi omo, mbele kabisa ya boti, kisha ukaona umesawazisha. Aliyewahi kubeba mzega wa ndoo mbili anajua: ukigeuka ghafla, ndoo zinaendelea kukuzungusha. Vizito vikae katikati, na chini.

Sasa upepo wa matairi, ambao naona ndio unaosahaulika zaidi. Kulitoa tela kwenye mchanga wa pwani, watu hupunguza upepo ili tairi litanuke lisizame. Ni sahihi kabisa. Kosa ni kupanda lami hivyohivyo. Tairi legevu hupinda ubavuni kila tela linaposukumwa, hivyo huchelewa kulirudisha, na kule kupindapinda hulichemsha hadi linaweza kupasuka.

Pima asubuhi, kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Likipata moto upepo hupanda wenyewe. Ukiutoa hapo, likipoa litakuwa pungufu. Kulia na kushoto viwe sawa, na matairi ya nyuma ya pikapu yapewe kipimo cha mzigo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Likishaanza kuyumba, usifunge breki ghafla wala usikimbilie kuongeza mwendo. Shika usukani sawa, ondoa mguu kwenye mafuta, liache lipungue lenyewe. Kisha simama, upange mzigo upya. Na pampu ya mguu ipakie ndani ya boti kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu huko pwani utakakopunguza upepo, fundi wa matairi huenda yuko mbali.