Chartreuse si damu ya mzee

Wameniletea tena hapa kwenye uchapaji wangu. Kamati ya harusi inataka kadi za rangi ya "chartreuse", na kitambaa cha mfano ni damu ya mzee kabisa! Jamani. Chartreuse ni kijani kinachoelekea njano. Si maruni, si pinki.

Sisi wenye kahawia na zambarau hatupaswi kushangaa rangi kuitwa kwa jina la kitu. Chartreuse ilianza kama jina la milima karibu na Grenoble, Ufaransa. Mwaka 1084 Mtakatifu Bruno akaanzisha huko monasteri, ikaitwa Grande Chartreuse. Karne nyingi baadaye watawa wake wakatengeneza pombe kali ya mitishamba, inasemekana 130, ikabeba jina hilohilo. Ni ya kijani, kilevi asilimia 55. Rangi imetoka kwenye chupa hiyo.

Maruni imeingiaje? Nahisi ni kwa sababu Bordeaux na Burgundy nazo ni sehemu za Ufaransa, ni vinywaji, tena ni rangi nyekundu zilizoiva. Mtu akisikia Kifaransa chenye pombe ndani yake, anaona divai. Siapi.

Linaloniudhi zaidi ni wale wanaojua ni kijani, halafu wananitumia namba ya rangi ya kompyuta, #7FFF00, kana kwamba ndiyo Aya ya Mungu. Hiyo ni chartreuse ya kompyuta: nyekundu 127, kijani 255, bluu sifuri, katikati kabisa ya njano na kijani, inaunguza macho. Mimina kinywaji chenyewe kwenye glasi uone kilivyo kipole. Tena watawa wana chupa ya pili, ya njano, na washona nguo wengi wakisema chartreuse wanaegemea huko. Orodha hiyohiyo ya majina ya rangi za kompyuta ina "lawngreen", #7CFC00. Ziweke bega kwa bega. Mimi na kazi yangu hii sizitofautishi. Mpaka wake na rangi ya ndimu nao kila fundi anauchora anapopenda.

Halafu kuna wino. Wino nne za kawaida za mashine ya kuchapa haziwezi kutoa #7FFF00. Inatoka imefifia, kama jani lililoanza kunyauka, na lawama ni zangu. Ukitaka ing'ae kama reflekta ya bodaboda, huo ni wino maalumu na bei yake ni nyingine.

Kwa hiyo usinitumie picha ya simu. Njoo na kitambaa, uniambie unaegemea njano au kijani, na kadi ya majaribio tuitazame nje, juani, kabla sijachapa zote.