Chupa ya kahawia, kibuyu cha maziwa na koti la chembe ya nano: maswali kutoka dirisha la duka la dawa, Moshi

Dirishani kwangu swali la mwanga huja kwa sura nyingi. Mmoja anauliza mbona dawa hii iko kwenye chupa ya kahawia, mwingine mbona dripu ya mgonjwa wake ilifunikwa mfuko mweusi. Hivi karibuni mwalimu mmoja wa sayansi kutoka Usa River aliniletea swali gumu kuliko yote, nalo limenifanya niyakusanye yote hapa.

Shikamoo dokta. Vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa kliniki nimevihamishia kwenye chupa ya jamu, naiweka dirishani nisisahau kumeza. Kuna ubaya? (Mama mjamzito, Majengo)

Marahaba mama, na hongera kwa kutosahau. Ubaya upo, tena wa aina mbili.

Vidonge vile vina madini chuma na asidi ya foliki. Chuma hakijali mwanga. Foliki inajali: miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, huikata katikati, zikabaki vipande viwili ambavyo mwili hauwezi kuvitumia kumjenga mtoto uti wa mgongo. Kidonge chenye ganda la rangi hujikinga kwa kiasi, kwa sababu ganda lile huzuia mwanga usifike ndani. Lishike hilo neno ganda, tutalirudia. Lakini ganda halikutengenezwa kwa ajili ya kukaa dirishani wiki nzima, na unyevu wa jikoni nao hulilainisha.

Ubaya wa pili unanitisha zaidi. Vidonge vyekundu ndani ya chupa ya jamu, kwa mtoto wa miaka miwili, ni pipi. Madini chuma mengi kwa mkupuo humpa mtoto sumu inayoweza kumuua. Virudishe kwenye kopo au pakiti ya kliniki, uviweke kabatini juu, na kumeza ufungamanishe na jambo unalofanya kila siku, mfano kufunga mlango usiku.

Nauza maziwa barabarani Kiboroloni, kwenye chupa safi zinazoonyesha ndani, ili mteja aone hayana uchafu. Kuna mama kaniambia jua linayaharibu. Mbona hayachachi? (Muuza maziwa)

Kaka, maziwa yanaweza yasichache na bado yakawa yamepoteza kitu. Ndani yake kuna vitamini B2, jina lake lingine raiboflavini. Ukitaka kuiona, tazama yale maji yanayojitenga juu ya mtindi: ule unjano unaoelekea ukijani ndiyo yenyewe.

Rangi hiyo ndiyo inayoiponza. Kitu chenye rangi hunyonya sehemu fulani ya mwanga, na raiboflavini hunyonya mwanga wa bluu pamoja na urujuanimno. Ikishanyonya inabaki na nishati ambayo lazima iende mahali. Nyingine inaivunja yenyewe, ikageuka kitu kiitwacho lumikromu, ambacho si vitamini tena. Nyingine inahamia kwenye oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maziwa, na oksijeni ikishachangamshwa namna hiyo inakuwa kali, inashambulia majirani: vitamini C kidogo iliyokuwemo, vitamini A, mafuta, hata protini. Ndiyo maana maziwa yaliyokaa juani hupata ile harufu ya manyoya ya kuku yaliyobabuliwa. Haikuletwa na bakteria.

Chupa ya kioo ikikaa kwenye jua kali kwa saa 2, nusu ya B2 au zaidi inaweza kuwa imekwenda. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1.1 kwa siku akiwa mwanamke na 1.3 akiwa mwanamume, na kwa watoto wengi wa hapa maziwa ndiyo chanzo chake kikubwa. Upungufu wake unaujua kwa macho: midomo kupasuka pembeni, ulimi kuwa mwekundu na kuuma. Baridi peke yake haisaidii sana. Friji yenye mlango wa kioo na taa inayowaka usiku kucha hufanya kazi ileile ya jua, polepole.

Nisimame kidogo kwenye kibuyu. Akina mama wa Kimaasai na bibi zetu wa Kichaga waliyahifadhi maziwa ndani ya kibuyu, na kibuyu hakipitishi mwanga hata chembe. Mtindi nao una uchachu, na raiboflavini huvumilia zaidi penye uchachu. Sijui kifungashio cha maziwa kinachokizidi kibuyu kwa jambo hili moja. Kwa biashara yako, chupa moja ya kuonyesha inatosha. Zilizobaki ziweke ndani ya boksi lenye mfuniko, au zifunike kwa kitambaa kizito.

Na magadi kwenye maharage? (Aliyekuwa kwenye foleni nyuma yake)

Magadi hulainisha maharage haraka, lakini huua vitamini B1 na kuidhoofisha B2, hata bila jua. Loweka maharage usiku, mwaga maji, chemsha bila magadi. Kuni utakayoongeza ni kidogo.

Dokta, nimesoma kwamba siku hizi chembe za nano hutiwa kwenye filta za maji, krimu na hata vyakula, na kila chembe huvikwa koti. Vitamini inayoogopa mwanga ikikutana na chembe hiyo ndani ya maji, kinatokea nini? Wanafunzi wangu wameniuliza nikakosa jibu. (Mwalimu, Usa River)

Mwalimu, tuanze na ukubwa. Nanomita 1 ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele una upana wa kama nanomita 80,000, kwa hiyo chembe ya madini ya fedha yenye nanomita 20 ni nyembamba kuliko unywele mara 4,000. Chembe ndogo namna hiyo zina eneo kubwa sana la nje ukilinganisha na uzito wake, na zikiachwa uchi hugandana na kuzama. Ndipo zinapovikwa koti, kama lile ganda la kidonge cha mama wa Majengo. Koti moja ni la sitreti, ndugu wa asidi ya ndimu, lenye chaji hasi, na chembe zenye chaji ya aina moja husukumana zisishikane. Jingine ni la polima, nyuzi ndefu zinazosimama kama nywele na kuzizuia zisikaribiane. Yapo pia makoti yenye chaji chanya, na makoti magumu ya silika, madini yaliyomo kwenye mchanga.

Sasa tia raiboflavini kwenye maji yale. Hata gizani kuna jambo: molekuli za vitamini huja kutua juu ya koti, na zinavyotua hutegemea chaji na umbo la koti. Zikifika karibu sana na fedha yenyewe, mng'ao wa kijani ambao raiboflavini hutoa ikimulikwa hufifia, kwa kuwa nishati waliyokuwa waitoe kama mwanga inamezwa na fedha hiyo. Watafiti hutumia kufifia huko kujua kwamba vitamini imeshikamana na chembe.

Washa taa, mambo yanageuka. Oksijeni kali niliyomweleza muuza maziwa sasa inazaliwa palepale juu ya koti. Koti la polima linaweza kuliwa taratibu. Likipungua, chembe hugandana, na maji ya chembe za fedha, ambayo kwa kawaida ni ya njano, huelekea kijivu. Fedha nyingine huyeyuka na kutoka kama ayoni, yaani atomu zenye chaji. Upande wa pili, chembe nayo inaweza kuiumiza vitamini. Titaniamu dioksaidi, unga mweupe unaotiwa kwenye krimu za jua, isipokuwa na koti na ikipigwa na urujuanimno ndani ya maji, huzalisha vipande vikali vya oksijeni vinavyovunja karibu kila kitu cha uhai kilicho jirani. Ivike koti zima la silika na ukali huo hupungua sana.

Kwa hiyo wanafunzi wako wakitaka jibu la neno moja, usiwape. Waulize kwanza koti ni la nini, mwanga ni wa rangi gani na maji ni ya wapi. Hilo la maji si dogo kwetu. Maji mengi ya miteremko ya Meru yana floridi na bikaboneti ya sodiamu, yameelekea upande wa magadi, na raiboflavini kwenye maji ya namna hiyo huvunjika kwa mwanga upesi kuliko kwenye maji yenye ndimu. Chumvi nazo hudhoofisha ule msukumano wa chaji, hivyo koti la sitreti linalofanya kazi vizuri kwenye maji safi ya maabara linaweza kushindwa kwenye maji ya kisima.

Basi maji ya filta ya nano nisimezee vitamini? (Kijana, Ngaramtoni)

Mezea bila hofu. Filta nzuri hushikilia vifaa vyake ndani, nawe unakunywa maji. Ninachokukataza ni kuyeyusha vitamini au unga wa juisi kwenye maji kabla hayajachujwa: utaichafua filta na vitamini yenyewe itabaki humo.

Kwa Arusha filta ni jambo la kujivunia. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru alitengeneza filta inayounganisha mchanga na vifaa vya nano, na mwaka 2015 akashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Wazo lake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba filta ipangwe kulingana na uchafu wa maji ya mahali, floridi ikiwemo. Maana kuchemsha hakuondoi floridi: maji yanapungua, floridi inabaki palepale, ikiwa nzito zaidi.

Kama unatibu maji kwa jua, yaani chupa ya plastiki inayoonyesha juu ya bati kwa saa 6, au siku 2 mfululizo mawingu yakitanda, weka maji matupu. Juisi na vitamini zitiwe baadaye, kivulini.

Mwanangu ana ualbino. Nimesikia krimu za jua zina nano zinazoharibu ngozi. Niache kumpaka? (Mama, Rau)

Usiache, dada yangu, nakuomba. Jua letu ni hatari ya hakika kwa ngozi yake, na saratani ya ngozi imewachukua wengi wenye ualbino wakiwa bado vijana. Krimu nyingi za jua zina titaniamu dioksaidi au zinki oksaidi, na ile titaniamu huvikwa koti la alumina au silika kwa sababu ileile niliyompa mwalimu: isifanye ukorofi inapopigwa na miale. Ikipakwa kwenye ngozi isiyo na kidonda, hubaki kwa sehemu kubwa kwenye tabaka la juu lililokufa.

Una bahati ya kuishi Moshi. Krimu ya Kilisun, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, inatengenezwa hapahapa, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC. Mpeleke kliniki ya ngozi. Na kofia pana na mikono mirefu vibaki palepale, krimu haivibadilishi. Kama nyumbani kuna krimu yenye vitamini A, ile ya chunusi au ya kuondoa makunyanzi, usimpake. Na wewe mwenyewe ukiitumia iwe usiku, kwa sababu mchana mwanga huivunja na ngozi huwashwa.

Nikimeza B-kompleksi, kile kidonge cha vitamini B mchanganyiko, mkojo unakuwa njano kali. Figo zimeharibika? (Dereva wa bodaboda, Soweto)

Hapana kaka. Hiyo ni raiboflavini iliyozidi, mwili unaitoa. Ukiona mkojo wa rangi ya chai au kokakola, hapo nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na kwa kuwa umeitaja rangi hiyo, mwalimu wa Usa River naye asikie. Saga kidonge kimoja cha B-kompleksi, koroga kwenye maji safi ya chupa, ukichuje kwa kitambaa, ugawe kwenye glasi mbili. Moja iweke juani, nyingine kabatini. Baada ya saa 2 nenda kwa wakala mwenye taa ya kukagulia noti bandia, zimulike zote mbili gizani. Ya kabatini itang'aa kijani cha njano. Ya juani itakuwa imefifia, na ukiangalia vizuri utaona mng'ao wake umeelekea bluu: hiyo ni lumikromu.