Je, Wajua Kwa Nini Yai Huganda kwa Moto Ilhali Samli Huyeyuka?

Moto uleule unaoyeyusha samli kikaangoni ndio unaoligandisha yai linalomiminwa juu yake, na yai likishaganda halirudi kuwa majimaji hata likipozwa vipi. Ute mweupe wa yai la kuku ni maji kwa karibu asilimia 90, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni protini, ambazo kila moja ni mnyororo mrefu uliojikunja kama donge la uzi na kuelea peke yake ndani ya maji hayo. Joto huyatikisa madonge hayo hadi yakakunjuka, nyuzi zikanasana, na wavu unaofumwa hapo ukayafungia maji ndani yake. Samli haina wavu wa namna hiyo. Ni mafuta yanayoshikana kwa nguvu hafifu, yanayoachana yakipata joto na kushikana tena yakipoa.

Protini hizo haziitikii joto kwa pamoja. Ute huanza kuwa mzito kwenye nyuzijoto 60 hivi za Selsiasi, kiini hushika kati ya 65 na 70, ilhali ovalbumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika ute, husubiri hadi karibu 80. Kwa sababu maji yanayotokota hufikia 100, yai linaloachwa humo muda mrefu hukazwa kupita kiasi: wavu hubana, maji hukamuliwa, na ute huwa mgumu kutafunika. Wakati huohuo gesi yenye salfa kutoka kwenye ute hukutana na madini ya chuma ya kiini, na hapo ndipo unapotokea ule utando wa kijani-kijivu ambao wengi huudhania kuwa dalili ya yai bovu. Hauna madhara.

Kupigapiga nako hukunjua protini. Anayeandaa mkate wa mayai hupiga mayai na sukari mpaka yaumuke na kuwa meupe, kwa kuwa protini zilizokunjuka huzunguka mapovu ya hewa na kuyazuia yasipasuke; tanuri hupanua hewa hiyo na kuugandisha ukuta wake, na mkate huinuka bila hamira. Ni ufundi unaostahili heshima kuliko inavyopewa. Katika katlesi na chipsi mayai kazi ni nyepesi zaidi, yaani kushikanisha.

Kukunjuka huko kuna faida pia tumboni, na hili ndilo ningependa lijulikane zaidi, hasa kwa vijana wanaokunywa mayai mabichi ili wajenge misuli. Yai moja kubwa lina takriban gramu 6 za protini, lakini vimeng'enya vya tumboni huzikata kwa urahisi zaidi nyuzi zilizokwisha kukunjuliwa. Vipimo vilivyofanywa kwa binadamu vimeonyesha kuwa mwili hunufaika na karibu asilimia 90 ya protini ya yai lililopikwa, na takriban nusu tu ya ile ya yai bichi. Isitoshe, ute mbichi una avidini, protini inayoing'ang'ania biotini, mojawapo ya vitamini B, na kuuzuia mwili kuifyonza. Joto huivunja avidini nguvu, na yai likiiva hadi kiini kushika, huua pia bakteria wa salmonela wanaoweza kuwemo ndani ya yai ambalo ganda lake ni safi na halina ufa.