Je, wajua kwa nini bima hudai dawa za bei nafuu zishindwe kwanza?

Mgonjwa wa baridi yabisi anapoandikiwa sindano ya kibayolojia, yaani dawa itengenezwayo ndani ya seli hai, katika hospitali ya Mombasa, swali la kwanza la kampuni ya bima kwa kawaida si kiasi cha maumivu aliyonayo, bali ni dawa zipi amekwisha kutumia, kwa muda gani, na zilimshinda vipi. Kwa nini aulizwe hayo ilhali daktari amekwisha kuamua?

Sehemu ya jibu imo katika ugonjwa wenyewe. Baridi yabisi haisababishwi na upepo wa kusi, kama wengi wanavyodhani hapa Pwani. Ni hali ambayo kinga ya mwili huushambulia utando wa ndani wa viungo, hasa vya vidole na vifundo, mpaka gegedu na mfupa vikaliwa, na mfupa uliokwisha kuliwa haurudi. Dawa ya kuanzia ni methotreksati, inayotumiwa mara moja tu kwa wiki pamoja na asidi ya foliki. Wagonjwa wengi hupata nafuu ya kutosha kwa dawa hiyo, ama peke yake ama ikiongezewa salfasalazini na hidroksiklorokwini, na miongozo ya madaktari nayo huanzia hapo. Kwa hiyo sharti la kuanza na vidonge, kwa asili yake, si hila ya bima.

Dawa za kibayolojia ni za namna nyingine. Mojawapo, adalimumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002, hutengenezwa ndani ya seli hai za hamsta, na kazi yake ni kuizuia protini iitwayo TNF ambayo huchochea uvimbe. Mgonjwa hudungwa miligramu 40 kila wiki mbili, mara nyingi kwa miaka. Dawa hiyo hutakiwa kukaa katika nyuzi 2 hadi 8, jambo ambalo si dogo kwa mtu anayevuka feri ya Likoni katika joto la Februari na sindano yake kisandukuni. Aitenge na barafu yenyewe, kwa sababu ikiganda huharibika vilevile.

Kabla ya kuidhinishiwa, mgonjwa hupimwa kifua kikuu na homa ya ini aina ya B. Sharti hili nalitetea bila kusita. TNF ni miongoni mwa vitu vinavyowafungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mapafuni. Ikizuiwa, vijidudu hivyo vyaweza kuamka, na katika nchi kama Kenya, ambako kifua kikuu bado ni kingi, kuruka kipimo hicho ni kucheza na uhai.

Sharti la kiwango cha ukali wa ugonjwa ni jambo jingine. Madaktari hutumia kipimo cha DAS28, kinachohesabu viungo vinavyouma na vilivyovimba kati ya 28, kisha hujumlisha kipimo cha damu na maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Nchini Uingereza, taasisi ya NICE, inayoamua dawa zipi zilipiwe na huduma ya afya ya umma, ilikuwa ikitaka alama zizidi 5.1, yaani ugonjwa uwe mkali, baada ya dawa za kawaida kushindwa, ndipo dawa za kibayolojia zilipiwe. Mwaka 2021 iliruhusu baadhi yake, adalimumabu ikiwamo, hata kwa wenye alama kati ya 3.2 na 5.1. Viungo vya Waingereza havikuwa vimebadilika. Kilichobadilika ni bei, iliyoshuka baada ya dawa zinazofanana nazo kuingia sokoni. Mpaka huo, basi, huchorwa na fedha kwa kiasi kikubwa, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Kwa bima za binafsi hapa kwetu huongezeka muda wa kungojea kwa aliyejiunga akiwa tayari mgonjwa, pamoja na kikomo cha mwaka cha matibabu ya nje, yaani yasiyo ya kulazwa, ambacho sindano chache zaweza kukimaliza. Linaloniudhi zaidi ni kuchelewa. Miongozo ya kitaalamu husema kwamba ikiwa hakuna nafuu katika miezi 3, au lengo halijafikiwa katika miezi 6, tiba ibadilishwe. Mama anayekanda unga wa mahamri Kisauni, ambaye fomu yake imekaa ofisini miezi mingine 6, huendelea kupoteza vidole vyake kwa muda wote huo.

Ndiyo sababu kumbukumbu zina uzito mkubwa. Barua ya daktari itaje kila dawa iliyotumiwa, kipimo chake, tarehe ya kuanza na ya kuacha, na sababu ya kuiacha, kwani madhara makali nayo huhesabiwa kuwa kushindwa. Iambatanishwe na alama za DAS28, picha za eksirei na majibu ya kifua kikuu. Inafaa pia kutaja kwamba Shirika la Afya Duniani liliiweka adalimumabu katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Ombi likikataliwa, mgonjwa aombe sababu kwa maandishi, na akiona ameonewa apeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima.