Breki za Nyuma za Gari la Zamani la Mashindano: Dhana Potofu na Ukweli

Mtu anapochukua gari la miaka ya 1960 au 1970 na kuliandaa kwa ajili ya uwanja wa mbio, aghalabu fikra na fedha zake huenda kwanza kwenye injini, kisha kwenye breki za mbele, na breki za nyuma hubaki mwisho, zikifanyiwa kazi kwa kufuata yale ambayo madereva huambiana. Mengi ya maneno hayo yana chembe ya ukweli, lakini hayakamiliki, na kosa la breki za nyuma hujitokeza pale pale ambapo dereva hana muda wa kulirekebisha: mwisho wa sehemu iliyonyooka, gari likiwa katika kasi kubwa na kona ikiwa mbele yake.

Dhana: Kadiri breki za nyuma zinavyokuwa na nguvu, ndivyo gari linavyosimama mapema

Gari linapopunguza mwendo, uzito wake huhama kutoka ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaobeba magurudumu ya nyuma, kwenda ekseli ya mbele. Kiasi kinachohama hutegemea mambo manne: uzito wa gari, ukali wa breki, kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini, na umbali kati ya ekseli mbili. Tuchukue gari la kilo 1,000 lililogawanyika nusu kwa nusu linaposimama, lenye umbali wa mita 2.4 kati ya ekseli zake na kitovu cha uzito kilicho sentimita 50 juu ya ardhi. Dereva akifunga breki kwa nguvu kiasi cha kupunguza mwendo kwa kiwango sawa na uvutano wa dunia, yaani mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde, kilo zipatazo 208 huhamia mbele. Magurudumu ya nyuma, yaliyokuwa yamebeba kilo 500, sasa yamebeba takriban 292 tu, na tairi haiwezi kufunga breki kwa nguvu inayozidi kile ambacho uzito uliopo juu yake unairuhusu kushika.

Nguvu inayozidi hapo haifupishi umbali wa kusimama. Hulifanya gurudumu likwame, yaani liache kuzunguka huku gari bado likienda, na tairi iliyokwama hupoteza karibu uwezo wake wote wa kulizuia gari lisiteleze kwenda pembeni. Magurudumu ya mbele yakikwama, gari huendelea kwenda mbele bila kutii usukani. Hilo ni kosa, lakini dereva akilegeza pedali kidogo usukani hurudi. Magurudumu ya nyuma yakikwama kwanza, mkia wa gari hutaka kuipita pua, na gari huzunguka kabla dereva hajamaliza kufikiri. Ndiyo maana kanuni ambayo mimi siko tayari kuijadili ni kwamba, katika breki kali kuliko zote, magurudumu ya mbele lazima yafikie ukomo wake kabla ya yale ya nyuma, japo kwa tofauti ndogo.

Tofauti hiyo inapaswa kuwa ndogo kwa sababu kosa la upande wa pili nalo lina gharama. Gari ambalo breki zake za nyuma hazifanyi kazi ya kutosha huzitwika breki za mbele mzigo wote, na mzigo huo ni mkubwa: gari letu la kilo 1,000 likiwa katika mwendo wa kilomita 160 kwa saa limebeba nishati inayokaribia kilojuli 1,000, ambayo sehemu yake kubwa lazima igeuke joto ndani ya breki kila linaposimamishwa kutoka kasi hiyo. Nyuma ikishiriki kwa haki yake, mbele hupumua.

Dhana: Mgawanyo wa kiwandani wa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma ulipimwa na wahandisi, kwa hiyo bado unafaa

Wahandisi walilipimia gari lingine. Walilazimika kuzingatia abiria wa nyuma, mizigo, tairi nyembamba za wakati ule na barabara za kila siku. Gari la uwanjani limeng'olewa viti vya nyuma, tairi ya akiba na zulia, kwa hiyo ekseli ya nyuma imepoteza uzito ambao breki zake zilitengenezewa.

Kisha huja tairi. Tairi zinazonata zaidi huruhusu breki kali zaidi, na breki kali zaidi huhamisha uzito mwingi zaidi. Katika gari lile lile la mfano, tukifikia kiwango cha mara 1.2 ya uvutano wa dunia, kilo 250 huhamia mbele na nyuma hubaki kilo 250, yaani robo tu ya gari. Mtu aliyebadilisha tairi peke yake, bila kugusa breki, ameshausogeza mgawanyo wake kwenye hatari, na wengi hawaamini mpaka gari liwazungushe. Kulishusha gari hufanya kinyume: kitovu cha uzito kikishuka kwa sentimita 5, kilo zinazohama katika breki hizo hizo kali hupungua hadi 225, na nyuma hurudishiwa kilo 25 za kufanyia kazi. Mvua nayo hubadilisha hesabu, kwa sababu lami ikilowa breki kali haziwezekani. Kwa nusu ya kiwango cha uvutano, nyuma hubaki na kilo 396 na inaweza kufanya sehemu kubwa zaidi ya kazi kuliko siku ya jua.

Umbo la gari pia lina neno lake. Porsche 911, ambayo injini yake imening'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, huendelea kuyapa magurudumu ya nyuma uzito wa maana hata katika breki kali, kwa hiyo mgawanyo wake hauwezi kuhamishiwa kwenye gari lenye injini mbele.

Dhana: Kubadilisha ngoma kuwa diski ni kuongeza nguvu ya breki

Ngoma ni bakuli linalozunguka na gurudumu na kusuguliwa kwa ndani na viatu; diski ni sahani inayobanwa na pedi pande zote mbili. Imani kwamba diski huongeza nguvu ina historia inayoeleweka. Mwaka 1953 Jaguar C-Type zenye breki za diski zilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, na tangu hapo diski ikawa alama ya ushindi. Lakini kilichowasaidia madereva wale ni kuweza kufunga breki kwa uhakika ule ule, mzunguko baada ya mzunguko, joto lilipokuwa limewamaliza wenye ngoma.

Kwa nguvu tupu, ngoma si dhaifu. Kiatu chake kinachotangulia huvutwa na mzunguko wa ngoma yenyewe na kujikandamiza zaidi, kwa hiyo presha ndogo ya mafuta huzaa msuguano mkubwa. Diski haina msaada huo. Mtu anaweza kung'oa ngoma za MGB au Datsun 240Z, akafunga kalipa (vibanio vinavyokandamiza pedi kwenye diski) zenye pistoni ndogo, na kuishia na breki za nyuma hafifu kuliko za mwanzo. Anaweza vilevile kukosea upande wa pili: pistoni ya milimita 38 ina eneo lililozidi lile la milimita 34 kwa takriban asilimia 25, na ongezeko hilo lote hutua kwenye ekseli ya nyuma.

Faida ya kweli ya diski ni utulivu. Ngoma hujizidishia mabadiliko yoyote ya msuguano, kwa hiyo unyevu kidogo huweza kuifanya ikabe ghafla, na ikipata moto hutanuka, ikaviacha viatu mbali nayo, na pedali ikazidi kushuka. Kwa gari jepesi linalokimbia mizunguko michache, ngoma zilizosawazishwa vizuri zinatosha kabisa, na ningeacha fedha hizo ziende kwingine.

Anayebadilisha akumbuke masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali kupeleka mafuta kwenye breki. Baadhi ya masta za magari ya ngoma zina vali ndogo inayobakiza presha ya takriban bar 0.7 kwenye mpira wa mafuta. Ikiachwa, pedi za diski hazitaachia na zitaungua taratibu. Kalipa pia huhitaji mafuta mengi kuliko silinda ya gurudumu, ile inayosukuma viatu vya ngoma, jambo linaloongeza safari ya pedali.

Dhana: Vali ya kurekebisha itatibu mgawanyo wowote

Vali ya kupunguza presha ya nyuma si uvumbuzi wa wana michezo. Mini ya mwaka 1959, yenye ngoma kwenye magurudumu yote manne, ilitoka kiwandani ikiwa nayo. Kazi yake ni kuacha presha ipite sawa mpaka kiwango fulani, na kuanzia hapo kuizuia au kuipunguza kasi ya kupanda. Kwa hiyo inaweza tu kupunguza nyuma, haiwezi kuongeza. Ifungwe kwenye mpira wa breki za nyuma, ile ya kiwandani iondolewe kwanza ili mbili zisifanye kazi moja, na isitumike kabisa kwenye gari ambalo mfumo wake umegawanywa mshazari, gurudumu la mbele la upande mmoja na la nyuma la upande mwingine.

Fimbo ya mizani, inayogawa nguvu ya pedali kati ya masta mbili, ni chombo bora zaidi kwa uwanja, ila nayo ni ya marekebisho madogo. Mgawanyo mkubwa hupangwa kwa ukubwa wa masta: ile ya milimita 15.9 hutoa presha inayozidi ya milimita 19.05 kwa takriban asilimia 44 kwa msukumo ule ule, na pedali husafiri zaidi kwa kiasi hicho hicho. Fimbo iliyosukumwa mpaka ukingoni inamwambia fundi kwamba masta alizochagua si sahihi.

Dhana: Pedi kali zile zile zifungwe mbele na nyuma

Pedi za mashindano hushika vizuri zikishapata moto mkubwa, na breki za nyuma za gari lenye injini mbele mara nyingi hazifiki huko. Matokeo yake ni nyuma isiyofanya kazi katika mizunguko ya kwanza, kisha mgawanyo unaobadilika siku inavyoendelea. Pedi ya nyuma ichaguliwe kwa joto ambalo nyuma inalipata kweli.

Dhana: Pedali ikizama, ni hewa tu

Huenda ni hewa, au mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yaliyozeeka, ambayo huanza na kiwango cha kuchemka kisichopungua nyuzi 230 na huruhusiwa kushuka hadi 155 yakishanywa unyevu. Lakini kwenye ekseli ngumu, ile inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma kuwa kitu kimoja, iliyobadilishwa kuwa diski, sababu isiyotazamwa ni mchezo (kulegea) wa shafti inayozungusha gurudumu: kwenye kona shafti husogea nje na ndani, diski huzisukuma pedi nyuma, na mguso wa kwanza wa pedali baada ya kona hukuta pengo. Kutoa hewa mara kumi hakutalitibu hilo. Kinachotakiwa kupimwa ni beringi.

Dhana: Mashine ya roli imeshathibitisha breki ni sawa

Mashine hiyo, ambayo huzungusha magurudumu juu ya roli huku gari likiwa limesimama, hulinganisha kushoto na kulia, na hilo ni la lazima. Haihamishi uzito, kwa hiyo haiwezi kusema ni ekseli ipi itakayokwama kwanza.

Jibu hilo hupatikana kwenye lami pana iliyonyooka. Pedi zikiwa zimezoeshwa na zimepata joto, mgawanyo huanza ukiwa mbele zaidi, mwendo ukiwa wa wastani, klachi ikiwa imekanyagwa ili injini isiyapunguze magurudumu ya nyuma na kuficha ukweli, na mtu akitazama kutoka pembeni ni gurudumu lipi linalosimama kwanza. Hapo nyuma huongezwa kidogo kidogo mpaka ikaribie ya mbele, kisha hurudishwa hatua moja. Jaribio hurudiwa katika kasi kubwa zaidi, tanki likiwa karibu tupu kwa magari yenye tanki nyuma, halafu kwa kushusha gia kama ilivyo katika mbio, kwa kuwa kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma gia iliyoshushwa vibaya inaweza kuyakwamisha hata mgawanyo ukiwa sahihi. Nafasi ya mwisho ya marekebisho huandikwa, pamoja na aina ya tairi na pedi zilizotumika, na siku tairi zinapobadilishwa kipimo huanza upya.