Wodi haina mshahara

"Soma usingizi wa kulaza wagonjwa wa upasuaji, au ICU ya wagonjwa mahututi, au upasuaji wenyewe. Huko ndiko kwenye hela." Ushauri huu hupewa karibu kila muuguzi mchanga hapa Mwanza, awe hospitali ya Bugando, ya Sekou Toure au ng'ambo kule Sengerema. Mara nyingi anayeutoa amesoma orodha ya mishahara ya wauguzi wa Marekani akadhani inamhusu.

Orodha yenyewe haidanganyi. Takwimu za ajira za Marekani za Mei 2023 zinaweka mshahara wa kati wa muuguzi wa usingizi kuwa dola 212,650 kwa mwaka, na wa muuguzi aliyesajiliwa dola 86,070. Lakini yule wa usingizi ana shahada ya kwanza, amefanya kazi ICU si chini ya mwaka mmoja, na anayeingia masomoni leo anatoka na shahada ya uzamivu ya fani hiyo. Ile ni kada nyingine kabisa yenye sheria zake na mkataba wake. Kozi ya kuongeza ujuzi ya mwaka mmoja haifanani nayo hata kidogo.

Hapa kwetu, serikalini, mshahara unafuata elimu na daraja. Mlango wa wodi unaoingilia kazini hauna uzito wowote. Kwenye TGHS, yaani ngazi za mishahara ya watumishi wa afya serikalini, Muuguzi Daraja la II mwenye cheti anaanzia TGHS A, Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II mwenye stashahada anaanzia TGHS B, Afisa Muuguzi Daraja la II mwenye shahada anaanzia TGHS C. Chukua maafisa wauguzi wawili walioajiriwa siku moja, mmoja apangiwe ICU mjini, mwenzake kituo cha afya Bwisya kisiwani Ukara. Mshahara wao wa msingi ni uleule. Hata Uingereza muuguzi mpya wa hospitali za umma huanzia ngazi moja ya mshahara, Bendi ya 5, awe wodi ya watoto au chumba cha upasuaji.

Kinachowadanganya watu ni posho. Kweli, upasuaji na usingizi wana zamu za kuitwa usiku, na kuna kazi za ziada ambazo muuguzi wa kliniki ya chanjo hazipati. Ila posho nyingi hutegemea mapato ya ndani ya hospitali: mwezi mbaya inachelewa, mwezi mbaya zaidi haipo. Tena haihesabiwi kwenye pensheni, kwa kuwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inakokotolewa kwa mshahara wa msingi. Anayekimbilia posho akaacha kufuatilia kupanda daraja anajiibia uzeeni.

Kabla ya kulinganisha mishahara, fanya hesabu ya kinachobaki mkononi. Tuseme msingi ni 1,000,000, namba ya mfano tu. PSSSF inachukua asilimia 5, yaani 50,000. Kodi inatozwa kwenye 950,000 iliyobaki: 68,000 kwa sehemu inayoishia 760,000, kisha asilimia 25 ya 190,000, jumla 115,500. Bima ya afya asilimia 3, 30,000. Bodi ya Mikopo, kama ulisomea mkopo, asilimia 15 ya msingi, 150,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, 20,000. Unabaki na 634,500. Sasa mwenzako wa hospitali binafsi anayejisifu kwa milioni hiyohiyo anakatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi. Muulize kama ana mkataba wa maandishi, likizo ya malipo na michango inayofika kweli kwenye akaunti yake ya NSSF. Ukimuuliza mshahara peke yake hujalinganisha kitu.

Kinachobadilisha slipu ni kupanda ngazi ya elimu *na* kutambuliwa kwa hiyo elimu. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: jina liwemo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, upate barua ya ruhusa ya masomo kabla ya kuripoti chuoni, ukimaliza, sifa mpya isajiliwe Baraza la Uuguzi na Ukunga, kisha uombe kwa mwajiri kubadilishiwa kada, ukiambatisha vyeti, leseni hai na ile barua ya ruhusa. Anayesoma kimyakimya jioni bila barua anarudi na shahada ambayo ofisi haina pa kuiweka. Na hata ukiwa na kila karatasi, kama nafasi haimo kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na bajeti ya mwaka huo, utasubiri. Kwa hiyo kamuone afisa utumishi mwaka mmoja kabla ya kumaliza, wakati bajeti inaandaliwa. Usimfuate wiki ya mahafali.

Mengine wanayoambiwa wauguzi wachanga, nayajibu kwa ufupi.

*Ukipangwa visiwani kazi imekufa.* Tathmini ya utendaji inafanyika kwenye PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, popote ulipo. Kinachoua ni kutojaza mpango kazi na kazi zilizotekelezwa kwa sababu mtandao ulikuwa mbaya. Jaza siku unayovuka kwenda mjini. Anayehudumu Ukerewe hushika leba, chanjo, kliniki ya VVU na kichocho ndani ya wiki moja. Wa hospitali ya kanda huenda asione leba mwaka mzima.

*Ukunga ni wa wanawake.* Hapana. Mafunzo ya cheti na stashahada ni ya uuguzi na ukunga kwa pamoja, mwanaume na mwanamke. Mwanaume anayekwepa leba chuoni ataikuta zahanati yake ya kwanza, usiku, peke yake.

*Afya ya akili ni kwa walioshindwa.* Anayesema hivi hajawahi kumtuliza mgonjwa aliyechafukwa bila kumfunga. Ni fani yenye shahada ya uzamili, na hospitali ya Mirembe kule Dodoma haihudumii nchi nzima peke yake; mikoa nayo inahitaji watu.

*Nikipata fani hapa, Ulaya napita moja kwa moja.* Uingereza hawaangalii fani yako kwanza. Wanataka Kiingereza, kwa mtihani wa lugha wa IELTS ni 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 kwenye kuandika. Halafu mtihani wa uuguzi unaofanywa kwenye kompyuta, halafu mtihani wa vitendo. Marekani ni NCLEX, mtihani wao wa leseni ya uuguzi. Na kabla ya yote, linganisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, leseni na pasipoti. Herufi moja ikitofautiana, faili linasimama hadi ulete kiapo, na hicho unaweza kukishughulikia hapa Mwanza wiki hii.