Mchanga sio msingi, jamani

Jumamosi nimeitwa tena Mbezi, baraza ya nyuma, pevingi (vile vitofali vya zege vya kutandika chini) zimejikunja kama mawimbi, na kabla sijashusha hata vifaa mwenye nyumba ananiambia "fundi, mbona mchanga tuliweka mwingi, tripu nzima". Sasa kaka, mchanga mwingi ndo ugonjwa wenyewe.

Mchanga ni godoro tu la kulalia pevingi, sentimita 3 hivi, basi. Ukimwaga sentimita 15 hautulii hata ushindilie mpaka magharibi, mvua ikinyesha unahama, sisimizi nao wanautoa nje kidogo kidogo. Mzigo unabebwa na kilichopo chini yake, tabaka la kokoto. Na hapo ndo watu wananichosha zaidi, maana nikitamka kokoto tu mtu kashakimbia kuleta nusu inchi safi zilizochekechwa, zile za zege. Zile hazishikani! Katikati matupu, mchanga wa juu unazama humo taratibu, labda utandike kwanza kitambaa cha kuchuja, na huku mtaani nani anakitandika? Unachotaka ni mchanganyiko, kubwa mpaka vumbi, kama ilivyotoka kwenye krasha, mashine ya kuvunja mawe: kubwa inabeba, ndogo inaziba, vumbi linakaba kilichobaki. Tena ziwe na kona. Mawe ya mtoni yanabingirika kama gololi.

Unene wa hilo tabaka, baraza ya kukaa tu sentimita 10, gari likipita 15 hadi 20, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi ongeza na usibishane. Shindilia kwa kompakta, ile mashine ya kushindilia, kila tabaka la sentimita 10, kuwe na unyevu kiasi. Mteremko sentimita 2 kila mita, maji yaende mbali na ukuta. Pembeni weka kabusitoni, mawe ya kingo, hilo nadhani tumeelewana.

Moramu je, ule udongo wa kumwaga barabarani? Hapa mimi mwenyewe nababaika. Kuna baraza nimejengea moramu ya changarawe mwaka wa nane huu haijacheza, halafu tripu nyingine kutoka shimo hilohilo, masika moja tu ikawa uji. Siku hizi naloweka kidogo kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi ikinatana vidoleni kama ugali naikataa. Sio kipimo cha maabara, na kilishanidanganya mara moja.

Yule wa Mbezi tumeufukua mchanga wote, kaniuliza aufanyie nini. Nikamwambia achekeche, apigie plasta ukuta wa nyuma.